Samaki wa Shaba

Kazija alipelekwa kupigwa picha ya kifua ili mumewe apate kuoa mke wa pili. Ukilisema hili mbio mbio mtu atadhani unafanya mzaha, lakini ndivyo ilivyokuwa, na kijiji kizima cha Kengeja, kisiwani Pemba, kilijua.

Maneno yalitoka kijiji cha Shumba. Nyange, mumewe Kazija, fundi seremala hodari wa milango na makasha, alikwisha kupeleka posa huko kwa binti mmoja jina lake Siti. Posa ilipokewa vizuri. Kisha wazee wa binti wakasikia kwamba mke mkubwa anakohoa, wakatuma ujumbe: kwa bwana harusi hawana neno, ila mtoto wao hawampeleki katika nyumba yenye kifua kikuu. Walikwisha kusikia kwamba hospitali ya mjini imeletewa mashine inayompiga mtu picha mpaka ndani ya mbavu. Basi mke mkubwa akapigwe hiyo picha, nao waione kwa macho yao. Habari ya kuambiwa hawaitaki.

Aliyemfikishia Kazija ujumbe huo ni mama mkwe wake, Bi Time. Alisimama kwenye mlango wa jiko, kajizibia mdomo kwa ncha ya kanga, kwani tangu kikohozi kile kianze wakati wa masika alikuwa haingii alipo mkaza mwanawe. Kikombe cha Kazija nacho kilikwisha kutengwa, kikawekwa peke yake juu ya dirisha la jiko. Hakuna aliyemwambia kuwa kimetengwa. Alikikuta huko tu asubuhi moja, akakinywea, akakirudisha pale pale.

"Si kwa ubaya, mwanangu," alisema Bi Time. "Na weye utajua hali yako. Nyange atakwenda nawe mwenyewe."

"Haya, mama," alisema Kazija.

Hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa miaka saba. Alipoitwa mpapai dume, mti usiozaa, kisimani, mbele ya wanawake wanaoteka maji, alisema haya. Alipoambiwa kwamba mwanamume hawezi kuzeeka bila ya mtu wa kumtilia maji ya kutawadha, alisema haya. Mara nyingi Nyange alikuwapo maneno hayo yakisemwa, kakaa ukumbini anapiga randa ubao wake, na hata siku moja hakuinua kichwa. Kazija alimhesabia ukimya huo kuwa ni huruma. Alijiambia kwamba angalau yeye haongezi. Mwenye kiu hushukuru hata umande.

Asubuhi ya safari alifungua kasha lake la harusi kutoa kanga nzuri. Kasha lile Nyange alilitengeneza kwa mkono wake, akalipigilia misumari ya shaba, na akalinunulia kufuli kwa Mhindi mmoja wa Wete, kufuli dogo la shaba lenye umbo la samaki, ambalo watu walikuja kulitazama siku ya harusi. Siku hiyo hiyo lilimponyoka mtu likaanguka sakafuni, mkia ukakatika upande mmoja. Baada ya miezi mitatu likapotea kabisa. Kazija alilitafuta mpaka chini ya mafiga, na Bi Time akasema bibi harusi anayepoteza kufuli hakawii kupoteza nyumba. Tangu hapo kasha likawa halifungwi.

Alijifunga kanga, na chini ya kanga, ubavuni kushoto, ikabaki hirizi yake. Hiyo nayo ilitoka kwa Nyange. Walikuwa wangali maarusi alipopata kazi ya ujenzi Tanga, na siku ya kuondoka alimvalisha mwenyewe, kamba begani, hirizi kwapani. Alimwambia ni aya za kumkinga na jicho, asiivue wala asiifungue, hata akioga. Ilishonwa kwa ngozi na kupakwa nta, nene kiasi cha kokwa la embe, na ilikuwa nzito kwa udogo wake. Kazija aliona ni sawa, maneno ya Mungu si mepesi. Kamba ilipooza alitia nyingine. Aliposimangwa kisimani alikuwa akiibana kwa mkono, mkono wa kushoto ubavuni, mpaka moyo utulie. Alikuwa na yakini kwamba bila ya hirizi ile angekwisha kuachwa zamani.

*

Katika gari la abiria Nyange alikaa mbele pamoja na dereva. Kazija alijiweka nyuma kabisa, kwenye ubao wa mwisho, ili akikohoa asimkoholee mtu, na vumbi lote likawa lake. Mama mmoja alilihamisha kapu lake la muhogo hata hivyo. Wanaume walikuwa wakibishana habari za vyama na uchaguzi, na hilo lilimfaa, maana hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Kwenye baraza ya hospitali walikuta watu wengi, wagonjwa na waliokuja kuwatazama wagonjwa wakiingia kwenye mashine. Wenyewe wa hospitali wakiiita eksirei. Watu wakiiita picha ya ndani. Kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisema inamvua mtu nguo bila ya kumgusa. Mwengine akasema ntu akishaonwa mifupa yake angali hai, kaburi lishampigia hodi. Mzee aliyevunjika mkono alisikiliza yote hayo, akanyanyuka taratibu, akarudi kwao kuungwa kwa miti.

Kazija hakuogopa mashine. Alichokiogopa ni jibu, na jibu lolote lilikuwa baya. Akionekana ana ugonjwa, harusi itavunjika, lakini na yeye atatengwa kama kikombe chake. Akionekana mzima, ataletewa mke mwenziwe kwa afya yake mwenyewe. Alikaa hapo akiwaza ni lipi aombe, na hakuliona. Akaibana hirizi.

Mpiga picha alikuwa Safari, kijana wa watu waliotoka bara ila kazaliwa hapa hapa kisiwani. Maneno yake yalikuwa machache na haraka yake nyingi, kwani filamu zililetwa kwa meli na hazikuletwa kwa wingi. Muuguzi wa kike alimwingiza Kazija nyuma ya pazia, akamwambia avue kila cha chuma: vipuli, bangili, pini. Chuma, alimweleza, huziba picha. Kazija alivivua vyote akavitia katika kibakuli.

"Hapana tena chuma mwilini?" aliuliza muuguzi.

"Hapana," alijibu Kazija, akajizungushia shuka ya hospitali mpaka mabegani.

Hakusema uwongo. Hirizi ni aya, na aya si chuma. Nani asiyejua hivyo? Tena lau muuguzi angeiulizia, Kazija asingeivua, maana alikatazwa na mumewe.

Safari alimsimamisha kifua kikiwa kimeegemea bati la baridi, akamwambia avute pumzi aizuie, na yeye akajificha nyuma ya kizuizi chake. Mashine ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Akaambiwa apumue. Ilikuwa imekwisha, na hakuhisi hata kuguswa. Alitoka nje akakaa kitako, akamngoja daktari aite.

*

Daktari alikuwa mtu mzima wa Kihindi, Kiswahili chake kizuri isipokuwa alikisema polepole. Alikuwa kaining'iniza filamu dirishani, ingali inachuruzika maji, na Safari kasimama karibu naye. Nyange aliitwa aingie na mkewe, kwa kuwa ndiye aliyetaka picha.

"Mapafu naona mazuri," alisema daktari. "Lakini hapa pana kitu. Mama, umemeza samaki?"

Safari alicheka kabla ya kujizuia. Kazija akasogea. Hakuwahi kuiona mifupa yake maishani, na hata hivyo hakuitazama, ingawa ilikuwa pale, ubavu juu ya ubavu, mfano wa tenga la kuku. Alimtazama samaki. Alikuwa ubavuni kushoto, mweupe kuliko mifupa, kichwa chini, na mkia wake umekatika upande mmoja.

Ilimchukua muda. Akili yake ilikwenda mpaka kwenye kasha, ikarudi, ikaenda tena. Halafu akageuka kumtazama mumewe. Wanaume watatu walikuwamo chumbani mle, wawili wakimtazama samaki wajue ni kitu gani, na mmoja akitazama sakafu. Nyange hakuuliza. Hakuuliza kwa kuwa anajua, na Kazija aliliona hilo usoni pake, wazi kuliko picha ile ilivyokuwa wazi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Kazija kilikuwa chini ya nguo, na alikibana kwa mkono wake mwenyewe.

Daktari aliuliza kama kuna kitu kavaa. Kazija aliivuta hirizi kwa kamba yake akaionyesha. Safari akafyonya, filamu imeharibika bure. Daktari alisema lazima ipigwe nyengine, maana kitu kile kimeziba mahali penyewe anapotaka kupaona, na kwamba kitu hicho ni chuma tu, akivue.

"Hawezi kuivua," alisema Nyange. Ndiyo maneno yake ya mwanzo tangu waingie. "Haya ni mambo yetu, daktari."

"N'naweza," alisema Kazija.

Aliipitisha kamba kichwani. Ngozi ya ubavu ilikuwa na alama pale ilipokuwa ikilala, nyeupe na laini, na hewa ilipopita alihisi baridi.

Picha ya pili ilitoka safi. Daktari alisema kikohozi ni cha moshi na unyevu, si kifua kikuu, akaandika dawa ya chupa. Nyange akaipokea ile picha safi katika bahasha ya khaki, akashukuru, akatoka upesi kutafuta gari. Kazija alibaki nyuma. Alimuuliza Safari zile picha mbovu huzifanyaje. Safari alisema hutupwa.

"Nipe miye," alisema Kazija.

Safari alimtazama, akaitazama na hirizi iliyokuwa inaning'inia mkononi mwake, na haraka yake yote ikampotea. Alimtupia jicho daktari, naye akatikisa kichwa kukubali. Safari akaikausha, akaikunjia gazeti, akampa kwa mikono miwili.

*

Walipofika nyumbani Kazija hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma, kwenye banda la useremala, na Nyange akamfuata kwa kuwa hakujua afanye nini jingine. Kazija alichukua patasi kwenye sanduku la kazi, akaiweka hirizi juu ya meza ya randa, akaipasua. Ngozi, nta, kitambaa chekundu, na ndani yake samaki, kafungwa. Alikitikisa kitambaa, akakigeuza upande huu na huu. Aya haikuwamo hata herufi.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Kufuli hakulililia. Alizililia zile nyakati alizokuwa akiibana hirizi ile na kuomba.

"Nambie," alisema. "Na useme kweli, kwani uwongo n'shauvaa."

Nyange alisimulia akitazama meza. Wakati ule yu bwana harusi mpya, na anakwenda Tanga. Barazani wakamtania kwamba aachaye bibi harusi kaacha mlango wazi. Maneno yakamwingia. Akaenda kwa Mbarouk, yule mganga aliyekufa, na Mbarouk akamwambia alete kufuli la mkewe mwenyewe. Akalisomea, akalifunga, akasema mke hatakaribiwa na mwanamume hata wa ndotoni. Ufunguo Nyange auvae mkandani, na akirudi alifungue kwa mkono wake. Huko Tanga akaibiwa mkanda katika nyumba waliyolala. Akarudi hana ufunguo, akakuta Mbarouk naye kishazikwa. Na Mbarouk alikwisha kumuonya kwamba kufuli la namna hiyo likivunjwa badala ya kufunguliwa, mwanamke humwagika damu mpaka afe.

"Basi n'kaogopa," alisema Nyange.

"Na ukajua kwamba nke aliyefungwa hashiki mimba."

Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani Pemba analijua.

"Kwa nini hukunambia? Tungalitafuta njia sote wawili. Tungalikwenda kwa mashehe, tungalisomewa."

"N'liona haya."

"Uliona haya," alisema Kazija. "Nami n'kiitwa mpapai dume, ulikuwapo?"

"N'likuwapo."

"Ukipiga randa."

Nyange alisema kwa sauti ya chini kwamba labda mambo yenyewe hayana kweli, daktari kasema ni chuma tu. Pengine hata bila ya kufuli wasingepata mtoto. Kazija alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea kumsikiliza.

"Linafunga, halifungi, ajuaye ni Mungu," alisema. "Lakini weye uliamini linafunga. Uliamini hivyo, ukanacha nalo, halafu ukenda kuposa kwa kuwa sizai."

Nyuma yao pakasikika mtu kuketi juu ya vumbi la mbao. Bi Time alikuja kuuliza habari za hospitali, na alikwisha kusikia yote. Kanga ilikuwa imemwanguka mdomoni na hakuikumbuka. Alimuuliza mwanawe kama ni kweli, kwamba wajukuu aliokuwa akiwalilia kwenye kila swala aliwafunga yeye mwenyewe. Nyange akainama. Bi Time akalia, akautafuta mkono wa Kazija, akaushika, mkono ule ule ambao chakula chake alikuwa hataki kukila. Kwa kitambo kile kidogo Kazija alidhani kapata mama.

Halafu Bi Time akajifuta uso.

"Lakini mwanangu, yalopita yashapita," alisema. "Na Ijumaa Shumba wanakuja. Picha imetoka safi, alhamdulillahi. Hili tulifunike hapa hapa, siye watatu. Nyumba haivuliwi nguo mbele ya wageni. Muache mwenzio azae, na ntoto atakwita weye mama mkubwa."

Kazija aliutazama mkono ulioshika wake. La mume lilimvunja, lakini hili lilimvunja pale palipokwisha kuvunjika. Kweli wameijua, na bado wanamtaka yeye ndiye aibebe.

"Haya, mama," alisema.

Walimwamini, kwani ndivyo alivyosema siku zote. Hakuna aliyeona alivyolichukua kufuli juu ya meza akalifunga katika pindo la kanga.

*

Ijumaa baada ya sala walikuja Bi Mwanaasha, ndiye shangazi yake Siti, na kaka yake huyo shangazi, mzee wa maneno machache. Walikuwa wamelala kwa jamaa zao Kengeja ili wafike mapema. Bi Mwanaasha alikuwa mwanamke mrefu, mwenye macho ya kutazama kitu mara mbili. Walitandikiwa mkeka mpya. Kazija aliambiwa akae karibu na mlango, penye upepo, na hata sasa alipokwisha kuhakikishwa mzima hapana aliyemwambia asogee.

Nyange aliitoa picha safi katika bahasha kwa madaha kidogo. Bi Mwanaasha aliishika ukingoni, akaiinua mlangoni kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. Aliuliza moyo uko wapi na pafu liko wapi, na Nyange akamwonyesha kama alivyoonyeshwa yeye. Mwisho akaiteremsha akasema basi ndivyo tulivyo ndani, subhanallah, na kwamba upande wao hawana tena pingamizi. Bi Time akashusha pumzi.

Likabaki jambo moja. Ilikuwa desturi katika koo zile kwamba kabla ya kupangwa siku ya ndoa, mke mkubwa aulizwe mbele ya mashahidi cha kumpoza moyo. Ataje kitu kimoja, na mume hawezi kukataa. Wako waliotaja bangili, wako waliotaja mgomba au mnazi. Akishapewa husemwa kapoa, na hana tena haki ya kununa. Nyange alikwisha kujitayarisha: kwenye sinia aliweka doti ya kanga na kichupa cha mafuta mazuri, akatarajia vitatosha.

"Haya, Kazija, mwanangu," alisema Bi Mwanaasha. "Ntoto wetu haingii kwa ntu mwenye kinyongo. Taja chako, nasi tusikie."

Kazija alisogea mpaka kwenye sinia. Alilifungua pindo la kanga, akamtoa samaki, akamweka juu ya zile kanga mpya.

"Nataka ufunguo wa hili," alisema.

Bi Mwanaasha alidhani kasikia vibaya. Akatabasamu, akauliza kama ni hilo tu. Kazija akasema ni hilo tu, akipewa ufunguo huo, siku ya harusi waipange hata kesho, na yeye mwenyewe atapika. Macho yote yakamgeukia bwana harusi. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka chini ya kofia.

"Kufuli la kasha lake hilo," alisema Nyange, akajaribu kucheka. "La zamani. Ufunguo umepotea, nami n'tamnunulia jengine, kubwa zaidi."

Kazija alimtazama. Mpaka hapo, ndani kabisa, pahali ambapo hata mashine isingepaona, alikuwa bado kamwekea nafasi. Alidhani mbele ya watu wazima, kufuli likiwa mbele yake, mtu aliyelala naye mto mmoja miaka yote ile atasema neno moja la kweli. Nafasi hiyo ikajifunga.

Akalitoa gazeti alilokuwa kalibana ndani ya kanga, akalikunjua, akampa Bi Mwanaasha ile picha ya samaki.

"Hebu tazama na hii, bibi. Ndiyo ilopigwa mwanzo."

Bi Mwanaasha aliiinua mlangoni. Zilikuwa mbavu zile zile, na samaki juu yake. Alimtazama samaki wa kwenye picha, akamtazama wa kwenye sinia, akamtazama Kazija, ambaye aliigusa kamba isiyokuwapo begani kisha akagusa kwapani. Hapana zaidi lililohitajika. Mwanamke wa umri ule, wa kisiwa kile, haambiwi kufuli lililofungwa linafanya nini katika hirizi ya mke asiyezaa.

"Nani alomvalisha?" aliuliza.

Bi Time alikuwa kajifunika uso wote kwa kanga.

"Nyange, nakuuliza weye."

"Miye," alisema Nyange.

"Na ufunguo?"

"Umepotea."

"Tangu lini?"

Bi Mwanaasha alimrudishia Kazija picha yake, polepole, akiishika ukingoni kama alivyoishika ile safi. Akamwambia kaka yake wanyanyuke. Bi Time alijaribu kuwazuia, walau wale, wali uko tayari, na Bi Mwanaasha akamjibu kwa adabu kwamba wameshiba. Alipofika mlangoni akasimama.

"Tulikuja kuuliza kama nyumba hii ina ugonjwa," alisema. "Tushajibiwa."

*

Shaame, kaka yake Kazija, alikuja kutoka Micheweni kumchukua dada yake. Talaka Nyange aliitoa baada ya kuombwa mbele ya shehe, na aliitoa huku analia, jambo ambalo wanawake wa kisimani walilisimulia kwa huruma kubwa. Ndivyo watu walivyo. Miaka saba hawakumwona Kazija akilia, kwa hiyo hakuna aliyemhurumia.

Bi Time hakutoka nje siku hiyo. Alisema kichwa kinamuuma, na huenda kweli kilimuuma. Kikombe cha Kazija kilibaki juu ya dirisha la jiko. Kazija alikipita mara mbili akitoa vyombo vyake, na mara zote mbili alikiacha.

Walipolitoa kasha uani, Nyange alitoka bandani na kufuli jipya la chuma, lingali na mafuta ya dukani, na funguo zake mbili katika kipete. Alimnyooshea Kazija mkononi. Kazija aliona kwamba anajua sasa kulia, anajua na kutoa ufunguo, na vyote kavijua gari likiwa linangoja. Mkono wake mwenyewe wa kushoto ukajibana ubavuni kwa mazoea, ukakuta hapana kitu.

Hakulipokea. Alimwomba Shaame kamba, na Shaame akamletea ya usumba wa nazi, iliyokuwa imefungia kuku. Kazija alilizungushia kasha mara mbili, akalipiga fundo juu, fundo jepesi ambalo mtu yeyote angeweza kulifungua.